Mtungi Uliojaa

Sehemu ya Nane

“Gonga tena,” Bartolomayo alisema. “Umegonga kivivu.”

Stara hakugonga tena. Alikwishagonga mara tatu, na mara zote mtungi nambari mbili ulijibu kwa sauti ya gogo. Akaiweka spana mezani.

“Mtungi mzima hulia kama kengele,” alisema. “Huu umenyamaza. Ndani kuna kitu.”

“Ndani kuna hewa, mama. Ndiyo maana unaitwa mtungi wa hewa.”

Shaban alicheka. Shaban ni mume wa Stara, na kicheko cha mume mbele ya mteja ni kitu ambacho mke hukiweka akiba. Ugomvi uliokuwa wa watu wawili ukawa wa watatu.

Uliyekosa gazeti la wiki jana kwa sababu jirani aliwahi kulifungia vitumbua, shika haya tu. Stara ni fundi wa mitungi ya presha, mwenye stashahada yake, aliyepunguzwa kazini pamoja na wenzake wote siku karakana yao ilipofungwa. Sasa ana karakana yake mwenyewe, uani kwake, Chang'ombe. Bartolomayo ni mkandarasi. Amepata kazi ya kuufungua mlango wa chuma uliokwama chini ya bwawa la Mhembe, mbele kidogo ya Hombolo, ambako mizabibu inakauka huku maji yamelala hatua mia mbili kutoka shambani. Kazi hiyo inataka mpiga mbizi, na mpiga mbizi anataka mitungi. Bartolomayo alinunua sita mnadani huko pwani, shirika moja lilipovunjwa na mali yake kuuzwa mpaka vikombe vya chai. Mitungi ya chuma, mikongwe, iliyolala ghalani miaka.

Mpiga mbizi mwenyewe ni Hassani, mdogo wake Stara, kitinda mimba. Mama yao alipofariki Hassani alikuwa hajaota meno, na mgongo uliombeba ulikuwa wa Stara.

Tuliachana Bartolomayo akiwa amesimama mlangoni, akiapa kwamba haondoki bila mtungi nambari mbili. Bado amesimama.

“Siku tatu, mitungi miwili,” alisema. “Mke wangu anajifungua haraka kuliko hivyo.”

“Mkeo akijifungua mtoto wa chuma, mlete nimgonge.”

Hakucheka mtu. Stara akamweleza kwa mara ya nne kazi aliyoifanya kwenye nambari moja na nambari tatu. Aliitoa hewa taratibu, akafungua valvu, akaingiza taa ndogo kwa waya na kioo cha daktari wa meno, akatazama kila kona. Akatia kokoto kali za mtoni, akailaza mitungi juu ya magurudumu ya mashine mbovu ya kusaga, ikabingirika kutwa nzima mpaka kutu ikatoka kama unga wa ulezi. Akaisuuza kwa maji ya betri, maana maji ya bomba ya Chang'ombe yana chumvi na hurudisha kutu kabla hujageuka. Akaikausha kwa hewa ya moto saa hiyo hiyo. Akatazama tena. Kisha akaijaza maji na kuisukuma kwa pampu ya mkono kupita presha itakayobeba kazini, akangoja aone kama itatanuka. Haikutanuka. Ndipo akaifunga kadi.

Kadi ya Stara ni karatasi ngumu ya kijani inayofungwa kwa waya shingoni mwa mtungi: nambari, tarehe, sahihi. Isiyo na kadi haijapita. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo anavyofanya.

“Huu wa pili paka rangi tu,” Bartolomayo alisema. “Wageni wa mkoani watakaokuja bwawani kutazama kazi hawagongi mitungi.”

Stara akafungua valvu. Hewa kidogo iliyokuwamo ikatoka ikikohoa. Akaung'oa mkono wa valvu kwa spana, akaukumbatia mtungi kiunoni na kuuinamisha juu ya ndoo.

Ulitoka uji. Uji mwekundu, mzito, unaonuka misumari. Kikombe kizima, na nusu nyingine.

“Hewa hiyo,” Stara alisema.

Akampa Bartolomayo kioo na taa. Mkandarasi aliinama, akafumba jicho moja. Ndani ukuta wa mtungi ulikuwa kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui: vishimo juu ya vishimo, na chini, pale maji yalipokuwa yamekaa, vishimo vimeungana vikawa mtaro.

Stara hakumwacha hapo. Akaupandisha mtungi kwenye mizani aliyoazima kwa Generosa, mnunuzi wa zabibu wa mtaa wa pili. Shingoni mtungi umechongwa uzito wake ulipozaliwa: kilo kumi na tano na nusu. Mizani ilisema kumi na nne.

“Kilo moja na nusu ya chuma imekwenda wapi?” aliuliza. “Imo ndooni. Mtungi umejila wenyewe. Ukiujaza, utapasukia mgongoni mwa mdogo wangu.”

Bartolomayo akajifuta kiganja kwenye suruali. Si mtu mbaya, tuseme ukweli. Ni mtu mwenye haraka.

“Basi,” alisema. “Huu tumeuzika. Tumshukuru Mungu nambari nne ni mzima.”

“Nambari nne sijaufungua.”

Bartolomayo akamtazama Shaban. Shaban akaitazama ndoo.

Stara akageuka kuelekea pembeni, mahali mitungi inayosubiri inapokaa. Nambari tano ilikuwapo. Nambari sita ilikuwapo. Kati ya hizo na ukuta kulikuwa na alama ya duara katika vumbi.

“Baba Sabiha,” alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza, na hakuna jina la upole kuliko hilo, wala lililosemwa kwa ukali zaidi asubuhi ile. “Nambari nne uko wapi?”

Shaban akaeleza, na alieleza kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Hassani alipita alfajiri na pikapu ya Mazengo, mshika kamba wake. Stara alikuwa kisimani. Hassani akachukua nambari moja na nambari tatu, zilizopita, ili zikajazwe bwawani kwa kompresa ya kukodi. Lakini kujaza kunachukua muda, na nambari nne ilikuwa tayari imejaa. Imejaa tangu mnadani. Shaban alikuwa ameupima kwa saa ya presha mwenyewe, mshale ukapanda mpaka juu.

“Miaka yote hiyo haujavuja hata tone,” alisema. “Mtungi wa namna hiyo ndio wa kutilia mashaka?”

“Hassani habebi mtungi usio na kadi yangu.”

Shaban akaifuta ile alama ya duara kwa wayo.

“Nasema Hassani habebi mtungi usio na kadi yangu. Namjua.”

“Una kadi,” Shaban alisema.

Jirani aliyekuwa akitwanga upande wa pili wa ukuta aliacha kutwanga.

Stara aliuliza maswali mawili tu. La kwanza, kadi ile iliandikwa na nani. Iliandikwa na Shaban, kwa kalamu ya Stara, kwa mwandiko wa Stara, ambao mume wa miaka kumi na mmoja anaujua. La pili, Hassani alisema nini alipoiona.

“Aliuliza, dada ameupima huu?”

“Ukamwambiaje?”

“Nikamwambia, kadi si hiyo, shemeji.”

Msomaji, wapo wanawake ambao wangepiga kelele. Stara alivua aproni yake akaikunja mara nne. Shaban alianza kujieleza: kwamba wageni wangekuja, kwamba kazi hii ikiharibika hakuna nyingine, kwamba yeye naye alipunguzwa kazini na amechoka kuwa mume wa kushika tochi. Yote yalikuwa kweli. Hakuna lililomsaidia.

Bartolomayo akaingilia. Yeye hakuona balaa iko wapi. Kama hofu ni kupasuka, mtungi ule umebeba presha miaka bila kupasuka. Leo utapasuka kwa nini?

“Sihofii kupasuka,” Stara alisema. “Ulijazwa lini?”

Hilo lilijulikana. Mitungi mitatu ya mwisho ilikuwa na kibandiko cha ghala la pwani. Stara akasugua kibandiko cha nambari tano kwa kidole gumba. Machi 1987. Miaka sita kamili.

Akawaeleza kwa kifupi, maana dakika zilikuwa zinakwenda. Chuma kikipata unyevu hufanya kutu, na kutu haifanyiki bila oksijeni. Ndani ya mtungi oksijeni ni ile ile iliyofungiwa. Chuma kimekaa miaka sita kikiinyonya. Inayobaki ni hewa pia, inajaza mtungi, inapandisha mshale, inatoka kwa kelele nzuri. Ila haimweki mtu hai.

“Kutu inakula hewa,” Bartolomayo alisema. “Ina meno?”

“Mume wangu alikuwa akisema visima vina meno,” sauti ilijibu juu ya ukuta. Ilikuwa ya Zipora, yule jirani aliyeacha kutwanga, mjane wa mchimba visima wa Mpwapwa. Hakuomba radhi kwa kusikiliza. “Hakuingia kisimani hata siku moja kabla ya kushusha koroboi. Ikizimika, hashuki. Mwenzake alishuka. Tulimzika Jumanne.”

Akanyoosha mkono. Mkononi mlikuwa na koroboi yake, tayari imewashwa.

Stara aliichukua. Akaweka ndoo tupu katikati ya ua, akaifunika kwa gunia na kuacha upenyo, akaingiza mpira kutoka nambari tano na kufungua valvu kidogo. Hewa ikaingia ikivuma. Akafunga, akafunua, akashusha koroboi kwa waya.

Moto uliinama, ukawa wa bluu, ukazimika. Hakuna upepo uliopita.

Shaban alisema ni mpira umeipuliza. Stara akaimwaga ndoo kwa kuipindua, akaijaza upya kwa hewa ya kompresa yake ndogo ya kupakia rangi, akawasha koroboi, akashusha. Iliwaka mpaka chini. Ikaendelea kuwaka.

“Nipe mimi,” Bartolomayo alisema. Alirudia yote kwa mkono wake, nambari tano, ndoo ile ile, koroboi ile ile. Ilizimika haraka kuliko mara ya kwanza. Akabaki ameshika waya.

“Mitungi hii ilijazwa siku moja na nambari nne,” Stara alisema. “Ghala moja, unyevu mmoja.”

Shaban akashika tumaini la mwisho. Hassani ni mzoefu, alisema. Akivuta hewa mbaya atakabwa, atajua, atatoka majini mwenyewe.

“Hatakabwa,” Stara alisema. “Mtu hukabwa akishindwa kutoa pumzi chafu nje. Yeye atavuta na kutoa vizuri kabisa. Ataona raha. Halafu atalala.”

“Basi atalala akiwa bado ukingoni, watamwona.”

“Wageni wakimtazama, Hassani hakai ukingoni. Anatumbukia. Na akifika chini maji yanambana, hewa ile ile inaingia mwilini kwa nguvu maradufu, atakuwa mzima, atafanya kazi, atafurahi.” Alikuwa amefika mahali ambapo hata yeye hakutaka kufika. “Akianza kupanda, nguvu ile inapungua. Atalala njiani, anakuja juu.”

Zipora alishuka ukutani. Walimsikia akianza kuomba.

Ilikuwa saa nne na dakika chache. Hassani alikuwa azame saa saba mchana. Stara akamtuma Shaban posta akapige simu chuoni Hombolo, amwombe yeyote atakayepokea atume mtu bwawani: mpiga mbizi asiguse nambari nne. Shaban aliondoka mbio, kandambili moja ikabaki uani.

“Gari lako,” Stara alimwambia Bartolomayo.

Bartolomayo hakusogea. Alikuwa akifikiri, na mawazo yake yalionekana usoni kama bei zilizoandikwa kwa chaki. Wageni kutoka mkoani. Waandishi wawili. Mkandarasi anafika mbio anasema mitungi yangu ni sumu. Ni nani atampa kazi tena?

“Mama, labda simu itatosha,” alisema.

“Bwana Bartolomayo. Nikifika kwa miguu, nitafika kuchukua maiti, na nitawaambia wote mtungi ni wa nani. Chagua unataka nikukute kule umesimama upande gani.”

Alitoa ufunguo.

Peugeot ya Bartolomayo ilitoka mjini ikipiga honi kwa mbuzi na kwa watu bila ubaguzi. Stara alikaa mbele, magoti yakiwa yamebana mkoba wa vifaa. Hakulia. Alikuwa akihesabu: saa moja na robo njiani kama matairi yatavumilia, saa tano na nusu wawe wamefika, wabakiwe na saa nzima na nusu. Kwa kukisia kwake kulikuwa na nafasi hata ya kumzaba Hassani kibao.

Walipita Ihumwa. Barabara ikageuka makunyanzi, gari likatetemeka mpaka kioo cha kando kikajikunja chenyewe. Mara mbili Bartolomayo alifungua mdomo, mara mbili akaufunga.

“Sema,” Stara alimwambia.

“Nini?”

“Hilo unalolitafuna tangu Chang'ombe.”

Wageni, alisema, walibadili muda jana jioni. Walitaka warudi mjini kabla ya chakula cha mchana. Hakumwambia kwa sababu alijua angesema haraka hiyo ni ya kijinga.

“Wamebadili kuwa saa ngapi?”

“Saa tano.”

Stara aliitazama saa ya mkononi. Ilikuwa saa tano kasoro dakika nne.

Hakumtukana. Alimwambia aongeze mwendo, na alipojibiwa kwamba gari litavunjika, alimwambia livunjike baada ya kufika.

Baada ya Hombolo walimpita mtu juu ya baiskeli, shati limemganda mgongoni, anakanyaga kwa nguvu zake zote huku kipande cha karatasi amekiuma menoni. Stara aligeuka kumtazama mpaka vumbi lao lilipommeza. Simu ya Shaban ilikuwa imefika. Ilikuwa inakwenda kwa baiskeli.

Bwawa la Mhembe lilionekana kwanza kama bati lililoanguka porini. Kisha yakaonekana maturubai, viti vya kuazima, na akina mama wa ushirika wa zabibu wakiwa wamekaa chini na khanga zao za sare. Wageni walikuwa wanakunywa soda. Kila mtu alikuwa anatazama maji.

Stara alishuka gari likiwa bado linatembea.

Mazengo alikuwa amesimama juu ya ukuta wa bwawa, kamba imemzunguka kiuno, miguu ameitanua. Kompresa ya kukodi ilikuwa inaunguruma nyuma yake, na juu ya benchi nambari moja ilikuwa inajazwa, mshale umefika nusu. Nambari tatu ilikuwa kando, inangoja zamu.

“Yuko wapi?” Stara aliuliza, ingawa aliona kamba inakoishia.

“Shikamoo, dada,” Mazengo alisema kwa furaha. “Yuko chini. Dakika ishirini sasa. Kisiki ndicho kilichobana mlango, anakikata. Ananijibu vizuri kabisa.”

Alimwonyesha. Akavuta kamba mara moja, taratibu. Kutoka chini kamba ikavutwa mara moja. Mara moja ni mimi mzima. Mara mbili, nipe kamba. Mara tatu, nitoe.

Mahali kamba ilipozama, mapovu yalikuwa yakitokea kwa mafungu: fungu, kimya, fungu, kimya. Pumzi za Hassani. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Huoni hata kiganja chako ukikizamisha mpaka kifundo.

Bartolomayo alifika akihema, na sasa yule mtu aliyeogopa wageni hakuwapo tena. “Mvute,” alimwambia Mazengo. “Mtoe haraka, mtungi ni mbovu, mvute.”

Mazengo akashika kamba kwa mikono miwili. Wanaume watatu wa ushirika wakaruka kumsaidia. Ndivyo ambavyo mtu yeyote mwenye moyo angefanya. Wangemtoa Hassani kwenye maji yanayombana na kumweka hai, wampandishe mita tisa, alale mita ya tano, kifaa kimtoke mdomoni, na wao waendelee kuvuta kwa bidii wakidhani wanamwokoa.

Stara aliikanyaga kamba kwa kiatu chake.

“Asivute mtu.”

Walimtazama. Mgeni mmoja alisimama na chupa yake ya soda, akauliza mwanamke huyu ni nani. Bartolomayo akamwambia, bila kugeuka, kwamba ni fundi, na kwamba tafadhali akae.

Stara akamweleza Mazengo kwa maneno machache. Mazengo alikuwa mwepesi wa kuelewa, na kadiri alivyoelewa ndivyo rangi ilivyomtoka. Akauliza wafanye nini basi. Hawezi kupanda na ile hewa, na hawezi kukaa nayo: mtungi unaisha. Dakika ishirini zimekwenda. Zimebaki kumi, kumi na tano kwa mtu asiyetumia nguvu, na Hassani alikuwa anakata kisiki.

Na kazi ikiisha, au hewa ikianza kuwa nzito, atafanya nini? Atavuta mara tatu mwenyewe na kuanza kupanda.

Stara hajui kuogelea. Kwao Hassani peke yake ndiye aliyewahi kuingia maji yanayozidi magoti, na miaka yote hiyo dada yake alimwita kichaa. Alitazama maji yale kwa muda wa pumzi moja ya Hassani.

Kisha akaenda kwenye benchi. Akafunga kompresa. Akaifungua nambari moja kutoka kwenye mpira wa kujazia. Ilikuwa nusu, nusu ingetosha kumleta juu mtu mmoja hata mara tatu. Ule mtungi aliujua kuliko alivyoujua mgongo wa mumewe. Alikuwa ameutazama ndani kwa taa, kokoto kwa kokoto, mpaka chuma kikawa cheupe.

“Kile kifaa cha akiba cha kuvutia hewa,” alisema, na Bartolomayo akakileta mbio, akiwa amekishika kama yai. Stara alikifunga, akafungua valvu, akavuta yeye mwenyewe mara tano mfululizo mbele ya watu. Akasimama. Hakuanguka. Akafunga pete ya chuma shingoni mwa mtungi na kuipitisha kwenye kamba ya Hassani, ili mtungi uteleze kuifuata kamba mpaka mikononi mwake. Akachukua kamba nyingine, akaufunga nayo kwa nyuma, wasije wakamwangushia kichwani.

“Hatauona,” Mazengo alisema. “Kule ni giza.”

“Atausikia.” Alibana kitufe cha kile kifaa kwa utepe wa gundi, hewa ikaanza kutoka bila kukoma, ikipiga mluzi.

“Na asipoelewa, dada? Akidhani tumeangusha kitu? Akiamua kupanda aje atuulize?”

Lilikuwa swali la haki. Watu wote juu ya ukuta ule walikuwa wanamsubiri alijibu. Bado angeweza kusema vuteni, na kama Hassani angekufa wangekuwa wamekosea wote pamoja, kwa nia njema, wala hakuna ambaye angemlaumu. Akisema hivi, na Hassani akafa, atakuwa amemuua yeye peke yake, mbele ya mashahidi mia.

“Akipanda, amekufa,” Stara alisema. “Tukimvuta, amekufa. Nashusha.”

Akaushusha mtungi majini. Ulielea nusu ya kufumba jicho, kisha maji yakaupokea na ukateleza chini kuifuata kamba. Stara alitoa kamba ya nyuma mkono kwa mkono, akihesabu kwa sauti, mita mbili, nne, sita. Karibu na tisa kamba ililegea.

Mapovu yakafurika. Yale ya mafungu yalikuwa yamemezwa na mengine yasiyokoma, maji yakachemka kama sufuria, na hakuna aliyeweza kusema tena ipi ni pumzi ya mtu na ipi ni ya mtungi. Mazengo aliipeleka mikono miwili kwenye kamba ya Hassani, akaivuta mara moja, taratibu, kuuliza.

Kamba haikujibu.

Akavuta tena. Akina mama wa ushirika walikuwa wamesimama. Bartolomayo alikuwa amepiga magoti kwenye saruji, na Stara alikuwa ameikamata kamba yake ya nyuma kwa nguvu mpaka kucha zikawa nyeupe, akisubiri uzito ubadilike upande wa pili.

Ulibadilika. Mtu, au kitu, aliuchukua mtungi.

Na hapo mapovu yote yakakoma.

Itaendelea wiki ijayo.